Shela Isiyolipiwa Ushuru

Thirza Pryke alikuwa amejiapiza kwamba safari hii hatakimbilia dirishani. Mwanamke wa miaka ishirini na sita, aliyebakiza majuma matatu tu aolewe, hana sababu ya kubandika pua kwenye kioo kama mtoto anayemngoja mwuza peremende. Basi alijikalisha kwenye kiti cha sebuleni, akashika soksi ya baba yake iliyotoboka kisigino, akaanza kuishona kwa utulivu wa mtu mwenye akili zake. Lango la mbele lilipolia tu, soksi ilikuwa sakafuni na yeye alikuwa dirishani.

Alikuwa Reuben, mchumba wake. Wiki saba alikuwa baharini, kwenda na kurudi Bordeaux kuchukua mvinyo, na asubuhi ile merikebu yao, Lavinia, ilikuwa imeingia Thornhythe na maji ya kujaa. Thirza alikuwa ameiona milingoti yake kutoka dirisha la juu wakati akitandika vitanda, na tangu hapo hakuna kazi aliyoianza akaimaliza.

“Ni yule?” Shangazi Mahala aliuliza kutoka jikoni.

“Ni yeye, shangazi.”

“Mwambie afute viatu. Sikupiga deki kwa ajili ya matope ya Ufaransa.”

Shangazi Mahala alikuwa dada mkubwa wa baba yake, mjane, mwenye ulimi usiolala. Alihamia kwao mwaka ule mama yake Thirza alipofariki, na tangu siku Reuben alipobisha hodi kwa mara ya kwanza hakuficha kwamba hamtaki. Si kwamba kijana alikuwa na tabia mbaya. Kosa lake lilikuwa ubaharia. “Wewe hutaolewa na mwanamume,” alimwambia Thirza kila walipokaa kumenya viazi. “Utaolewa na barua.”

Thirza alifungua mlango, na maneno yote aliyoyapanga kwa wiki saba yakamtoroka. Reuben Thurkettle alisimama pale kizingitini, kofia mkononi, uso umeungua jua, macho yake ya kijivu yamemtulia usoni kana kwamba hajui kuna kitu kingine duniani cha kutazamwa. Hakuna aliyesogea. Ilikuwa hivyo kila aliporudi. Dakika ya kwanza walikuwa wageni, dakika ya pili walikuwa wanacheka.

“Umenenepa kiunoni,” Thirza akasema mwishowe. “Kumbe Wafaransa wanakulisha.”

Reuben alicheka, ila kicheko kilikatika mapema. “Niingize ndani kwanza, ndipo unisimange.”

Walipofika sebuleni alimwomba ageuke, atazame ukuta, na asichungulie. Thirza akageuka. Alisikia vifungo vya koti vikifunguliwa, kisha vya shati, kisha mchakacho wa kitambaa kinachovutwa polepole, mzunguko baada ya mzunguko. Alitaka kuuliza anafanya nini, lakini furaha ya kungoja ilikuwa tamu na hakutaka kuiharibu. Halafu kitu chepesi, chepesi mno, kikashuka juu ya nywele zake na kuteleza mabegani.

“Sasa jitazame.”

Juu ya meko palikuwa na kioo cha marehemu mama yake. Thirza alijitazama. Ilikuwa shela ya lesi nyeupe, imefumwa majani madogo madogo na maua ambayo hakuyajua majina, na pindo lake lilimfika kiunoni. Hakuwahi kujiona mzuri. Alizoea kujiona nadhifu, na watu walimwita mwenye adabu, basi. Lakini yule mwanamke kwenye kioo alikuwa mzuri, na nyuma yake alisimama mwanamume aliyelijua hilo kabla yake. Machozi yalimjaa. Alinyanyua mkono akaligusa pindo la shela, alishike, aamini kwamba ni lake.

Lilikuwa na joto.

Mikono yake ilijua kabla ya kichwa. Lesi inayotoka dukani hukunjwa katikati ya karatasi, nayo huwa baridi, na mikunjo yake imenyooka. Hii ilikuwa na joto la mwili, na mikunjo yake ilipinda kama ukanda. Binti wa msusi hujua nywele, binti wa mchinjaji hujua nyama. Thirza alikuwa binti wa Josiah Pryke, mkaguzi wa meli wa Forodha ya Malkia, na tangu utotoni alikuwa akisikia mezani habari za wanaume wanaoshuka melini wakiwa wamejiviringisha lesi chini ya shati.

Akaivua taratibu.

“Reuben. Baba alikupekua?”

“Baba yako?” Akatabasamu, lakini mkono wake ulikuwa bado unahangaika na vifungo. “Alipekua kila mtu. Mpishi alivuliwa hadi viatu. Mimi nilipofika mbele yake alinipa mkono. Akaniambia, pita, mwanangu, ameshakungoja vya kutosha.”

Thirza alikivuta kiti. Akakaa.

Reuben alianza kueleza, na alieleza kwa haraka. Kwamba si bidhaa, si ya kuuza, ni zawadi ya bibi harusi. Kwamba ushuru wa lesi ulikuwa wa kukomoa watu tu, na yeye fedha yote aliyokuwa nayo ilikwisha kwa yule bibi mfumaji kule Bordeaux, hakubakiwa na ya kumlipa Malkia. Kwamba kila baharia wa Lavinia alikuwa na kitu mahali fulani, na nahodha mwenyewe asingeapa vinginevyo. Kwamba alipokuwa zamu, baridi inamkata, alikuwa akimfikiria yeye ndani ya shela hiyo, na wazo hilo ndilo lililomfikisha nyumbani.

“Nakuamini,” Thirza alisema. “Yote hayo nakuamini.”

“Basi mbona unanitazama hivyo?”

Alitafuta namna ya kumweleza mtu ambaye hakukulia katika nyumba kama ile. Kwao kila kitu kilichopita mlangoni kilikuwa na maswali. Krismasi majirani walipelekeana bata bukini, lakini kwa Pryke hakuna aliyeleta, kwa sababu wote walijua bata huyo atarudishwa. Thirza alipokuwa na miaka sita, katika bandari nyingine, nahodha mmoja wa Kihispania alimpa chungwa. Alikuwa ameshaling’ata baba yake alipomwona. Baba alimshika mkono wakatembea gati zima, naye Thirza akalirudisha chungwa lenye alama za meno yake, akaomba radhi kwa sauti ndogo huku mabaharia wakicheka. Alilia njia nzima. Usiku ule baba yake alikaa pembeni ya kitanda chake na kumwambia kwamba afisa wa forodha hana mali na hana marafiki, ana jina tu, na jina hilo hulibeba na watoto wake.

Walihamishwa bandari tatu. Mama yake alizikwa katika ile ya pili. Kila mji waliofika, wanawake wa sokoni walinyamaza Thirza alipoingia dukani, na vijana hawakumsindikiza kutoka kanisani, maana nani anataka mkwe wa kumpekua mifuko? Hadi mwaka jana, baba yake alipoteleza ndani ya ghala la Lavinia akavunjika goti, na baharia mmoja akambeba mgongoni hadi mlangoni kwao. Baharia huyo alirudi kesho yake kumjulia hali mgonjwa. Akarudi na keshokutwa. Wiki ya pili hakuna aliyejidanganya kwamba anamfuata mgonjwa.

“Angekupekua asiione,” Thirza alisema, “ningecheka pamoja nawe. Haki ya Mungu ningecheka. Ungekuwa umemzidi ujanja, na yeye mwenyewe angekuheshimu. Lakini hakukupekua, Reuben. Hakukupekua kwa sababu anakupenda. Umeyafanya mapenzi yake kuwa maficho.”

Rangi ilimpanda Reuben shingoni. “Sikupanga hivyo. Nilijua atanipekua. Nilikuwa nimejiandaa. Alipotoa mkono… ningefanya nini, Thirza? Mbele ya watu wote?”

“Ungesema.”

“Kusema ni rahisi ukiwa kwenye kiti cha sebuleni.”

Maneno hayo yalimchoma, kwa kuwa yalikuwa na ukweli ndani yake. Alitaka kujibu, lakini lango lililia tena, na hatua za baba yake, moja nzito moja ya kuburuta kwa ajili ya lile goti, zikasikika kwenye changarawe. Thirza alitumbukiza shela ndani ya kikapu cha soksi na kufunika. Alifanya hivyo bila kufikiri, na alipoona kile mikono yake ilichofanya aliona haya. Dakika moja tu, na yeye amekuwa mficha magendo katika nyumba ya baba yake.

Ilikuwa saa kumi, wakati wa chai. Shangazi Mahala alileta mkate, siagi, jibini, samaki wa moshi, na birika kubwa. Josiah Pryke aliingia na koti lake la bluu lenye vifungo vya shaba, akaning’iniza kofia, akambusu binti yake kwenye paji la uso. Chini ya kwapa alikuwa na daftari la upekuzi. Hilo halikuwa jambo la kawaida. Daftari hilo lilikaa ofisini, na kila siku kabla ya saa kumi na mbili lilipaswa kutiwa sahihi na kukabidhiwa kwa mkuu wa forodha. Leo Josiah aliliweka mezani, kati ya mkate na birika, akaweka na kalamu na kidau cha wino.

“Tangu lini tunakunywa chai na serikali?” Shangazi Mahala akauliza.

“Ukurasa wa Lavinia sijautia sahihi,” alijibu. “Nina muda hadi saa kumi na mbili.”

Walikaa. Thirza alimimina chai, akamwaga kwenye kisahani. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alasiri ile alizungumza, tena alizungumza kwa upole uliomtisha. Alisimulia safari zake za kwanza kazini, akiwa kijana asiye na ndevu. Alisema kwamba katika miaka thelathini na mmoja hajawahi kumruhusu mwanamume yeyote ashuke melini bila kumpitishia mikono, awe kasisi, awe bwana mkubwa, awe ndugu wa damu, na kwamba leo ndiyo siku ya kwanza.

“Mtu akizeeka hulegea,” Shangazi Mahala alisema.

“Huenda.”

Thirza alimtazama Reuben. Alimtazama kwa macho yake yote, akamsihi bila sauti. Sema sasa. Kakupa nafasi, sema. Reuben alikuwa akikata samaki wake vipande vidogo na kuvipanga kando ya sahani, hakula hata kimoja. Baba yake naye hakula. Chai yake ilikuwa inapoa mbele yake, na hapo ndipo Thirza alipoanza kuelewa kwa nini daftari lile liko mezani.

Saa ya ukutani ilionyesha kumi na moja kasorobo. Shangazi alileta keki ya zabibu. Josiah akauliza hali ya bahari, Reuben akajibu. Akauliza habari za nahodha, akajibu. Kisha akavuta daftari karibu, akalifungua, akachovya kalamu.

“Kuna lolote unataka kuniambia, kijana, kabla sijaandika?”

Reuben alisogeza kipande kimoja cha samaki hadi ukingoni mwa sahani.

“Hapana, mzee,” Reuben alisema.

Josiah aliitikia kwa kichwa, polepole, kama mtu aliyepewa habari ya msiba aliokuwa ameshausikia. Kalamu ikashuka kwenye karatasi. Thirza aliujua mstari ule kwa moyo, alikuwa ameusoma mara nyingi mno juu ya bega la baba yake: wote waliomo wamepekuliwa, hakuna kilichopatikana. Baba yake aliandika neno la kwanza. Mkono ule ambao haukuwahi kutetemeka kwa baridi wala kwa vitisho vya wenye meli ulikuwa unatetemeka sasa, na Thirza akaona kwamba baba yake anajua, na kwamba anakwenda kuandika uongo kwa mara ya kwanza maishani mwake, kwa ajili yake yeye.

“Usiandike, baba.”

Kalamu ilisimama.

Alikwenda kwenye kikapu, akatoa shela, akaileta na kuilaza mezani pembeni ya daftari. Shangazi Mahala alivuta pumzi. Reuben alifunika uso kwa viganja.

“Sikujua kwamba ni shela,” Josiah alisema, akiigusa kwa ncha ya kidole. “Nilijua ni kitu. Siku zote unashuka ule ubao wa melini mbio, Reuben, na mfuko wako unauokota mwenyewe. Leo ulishuka umenyooka kama nguzo, na mfuko uliomba mpishi akupe. Hukuinama. Mtu aliyejiviringisha lesi kiunoni hainami.”

“Kwa nini ukaniacha nipite?” Reuben aliuliza.

“Nilidhani utageuka. Ulipofika lango la bandari nilikuwa bado nadhani utageuka. Halafu nikasema moyoni, nitampa hadi chai.”

“Na kama nisingesema mimi?” Thirza aliuliza. “Ungetia sahihi, baba?”

Mzee hakumtazama. Alikuwa anatazama kile kioo cha mke wake juu ya meko. “Una miaka ishirini na sita. Nimekuburuta bandari tatu. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekuja kugonga mlango huu ila huyu mmoja. Ningetia, mwanangu.”

“Na kiapo chako?”

“Nilikula kiapo nikiwa sina mtoto.”

Thirza alijua baba yake anampenda, lakini hakujua kwamba anampenda kiasi hicho, na akatamani asingejua. Kwa maana sasa alielewa harusi yake inanunuliwa kwa kitu gani. Jumatatu ya Pasaka, siku ya harusi, ingefika, angetoka kanisani na Reuben, na baba yake angerudi nyumbani peke yake, mzee asiye na mali, asiye na marafiki, na sasa asiye hata na jina. Alimpenda Reuben. Alimpenda hata wakati huo, akiwa ameinama pale na vifungo vya shati vimefungwa kombo. Lakini hakuweza kuinunua furaha yake kwa bei hiyo.

“Andika, baba,” alisema. “Andika yaliyo kweli. Shela moja ya lesi, imekutwa katika nyumba yako.”

“Lazima niandike imekutwa kwa nani.”

“Kwangu.”

“Thirza…”

“Imekutwa kwenye kikapu changu, nimeificha mwenyewe. Andika Thirza Pryke.”

Kalamu ilichovya wino. Mzee Pryke aliiandika ile herufi ya kwanza, nayo ilikuwa kubwa na imekaa vizuri, kama alivyoliandika jina hilo mara moja zamani, binti alipozaliwa, ndani ya Biblia ya familia.

Kiti kilianguka. Reuben alikuwa amesimama.

“Si yeye. Futa hiyo, Bwana Pryke. Ni mimi. Andika Reuben Thurkettle, msaidizi wa pili wa nahodha wa Lavinia. Niliinunua mimi, nikajifunga mimi, nikapita mbele yako nayo ukiwa umenipa mkono.” Alipumua. “Andika na hilo la mkono.”

“Unajua kinachofuata?”

Alijua. Mabaharia wote walijua. Faini mara tatu ya thamani ya kitu, na asiye nayo hukaa gereza la wilaya miezi mitatu. Lavinia ingeng’oa nanga bila yeye, na nahodha yeyote mwenye kujali jina la meli yake angefikiri mara mbili kabla ya kumchukua tena.

“Nimejua tangu kizingitini,” Reuben alisema.

Josiah aliikata ile herufi ya jina la binti yake kwa mstari mmoja, akaandika jina la Reuben chini yake. Halafu hakuweka kalamu chini. Aliendelea kuandika, mstari wa pili, wa tatu, na Thirza aliposoma juu ya bega lake aliona ameandika habari zake mwenyewe: kwamba yeye, Josiah Pryke, alimruhusu mtu huyo kupita bila kumpekua, akiwa na shaka naye.

“Watakufukuza?” Shangazi Mahala aliuliza kwa sauti ndogo isiyokuwa yake.

“Huenda. Au watatuhamisha tena. Usifungashe vyombo leo, dada.”

Shangazi Mahala alikaa kitambo akikunja na kukunjua leso. Kisha aliinuka, akakiinua kile kiti kilichoanguka, akachukua sahani ya Reuben yenye samaki waliokatwakatwa, akaiondoa na kuleta nyingine, mkate mnene, jibini, kipande cha keki.

“Kaa ule,” alimwambia. “Gerezani hawapiki. Mimi nilisema tangu mwanzo hufai, na bado nasema. Lakini kula.”

Reuben alikula akiwa amesimama, kwa utiifu, huku machozi yanamtiririka, na hakuna aliyemcheka. Alipomaliza alimgeukia Thirza. Walitenganishwa na hatua mbili tu, na wote wawili walijua kwamba hatua hizo haziwezi kuvukwa jioni ile.

“Utaningoja?” aliuliza.

Thirza alitaka kusema ndiyo. Neno lilikuwa tayari mdomoni, lilikuwa hapo kwa mwaka mzima. Lakini kati ya yeye kulitaja jina lake na Reuben kulitaja la kwake palikuwa na nafasi. Ilikuwa ndogo, ya mtu kuvuta pumzi mara tatu au nne, naye alikuwa ameihesabu kila pumzi. Reuben alimwacha mzee aandike herufi ya kwanza.

“Ulichelewa,” alisema.

“Najua.”

“Nakupenda, na ulichelewa. Yote mawili yamo ndani yangu sasa hivi na sijui la kuyafanya. Usiniulize leo, Reuben. Ukitoka, njoo hapa, baba akiwepo, mikono yako ikiwa mitupu, uniulize tena.”

“Utanijibu nini?”

“Njoo uniulize.”

Aliitikia. Alitaka kumshika mkono, akauona mkono wake mwenyewe, ule aliomshika mzee bandarini, akaurudisha. Akaenda kumngojea mzee mlangoni, kofia mkononi, kwa maana walikuwa wanakwenda ofisini pamoja na hakuna aliyefikiri kwamba atakimbia.

Ilibaki shela. Kitu kilichokamatwa hakibebwi wazi barabarani, hufungwa karatasi, hukazwa uzi, hutiwa lakiri. Josiah alitoa karatasi ya kahawia kwenye mtoto wa meza, akaikunja lesi katikati, pindo juu ya pindo, kwa uangalifu ambao hakuna mfanyabiashara angeutumia. Akapitisha uzi mara mbili. Vidole vyake vya uzee vilikuwa vinasumbuka na fundo.

“Nishikie hapa, Thirza,” alisema. Tangu alipokuwa mtoto ndiye aliyemshikia mafundo.

Aliweka kidole juu ya uzi. Chini ya karatasi alihisi ulaini wa lesi, na akakumbuka, bila kutaka, uso wa yule mwanamke mzuri kwenye kioo. Baba yake alivuta uzi ukakaza. Akawasha mshumaa, akayeyusha lakiri nyekundu, akaileta juu ya fundo.

“Toa kidole, mwanangu.”

Hakukitoa. Mzee alisimama akiwa ameshika lakiri inayodondoka, tone moja likaanguka mezani, la pili likaanguka kwenye karatasi karibu na ukucha wake. Hakumharakisha wala hakurudia kusema. Mlangoni Reuben aligeuza uso akatazama nje.

Tone la tatu lilipoanguka, Thirza akatoa kidole.